Kichaa cha Mbwa: Pwani Tuna la Kujifunza Homa Bay na Migori

Muulize mtoto wa Mji wa Kale hapa Mombasa angependa kufuga mnyama gani, atakwambia paka. Wa Lamu huenda akataja punda. Mkiwa wawili tu, mama yake hayuko karibu, wengine watakunong'oneza kwamba wangependa kitoto cha mbwa, kama wale wanaowaona kwenye katuni, lakini wanajua ombi hilo halitavuka mlango wa nyumba. Swali hilo hilo muulize mtoto wa Kendu Bay, Rongo au Awendo. Atakushangaa. Mbwa yuko uani tangu yeye hajazaliwa, ana jina lake na ana kazi yake.

Nazungumzia mbwa leo kwa sababu nchi yetu ina ahadi inayokaribia kuiva. Mwaka 2014 serikali ilitoa mpango wa kitaifa wa kumaliza vifo vya binadamu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Miaka iliyobaki yahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Wakati huo huo, katika baraza zetu za Pwani, suala hili halitajwi. Tumelichukulia kuwa ni la watu wa bara wanaofuga mbwa. Maoni yangu ni kinyume chake: sisi tusiotaka mbwa majumbani ndio wenye kazi ngumu zaidi, na wenzetu wa ziwani wana kitu ambacho sisi hatuna.

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Kichaa cha mbwa huletwa na virusi vinavyokaa kwenye mate ya mnyama mgonjwa. Vinaingia kwa kuumwa, kwa kuparurwa, hata kwa kurambwa mahali penye kidonda. Kisha vinasafiri kwenye mishipa ya fahamu kuelekea kwenye ubongo, safari ambayo kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu, na mara nyingine huwa fupi au ndefu zaidi ya hapo. Dalili zikishajitokeza, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 59,000 hufa kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na kwamba kati ya wanaokufa, 4 katika kila 10 ni watoto walio chini ya miaka 15. Hapa Kenya makadirio yanafika vifo 2,000 kwa mwaka. Karibu vifo vyote hivyo chanzo chake ni mbwa.

Ugonjwa huu si mgeni nchini. Uligunduliwa kwa mbwa karibu na Nairobi mwaka 1912, na mgonjwa wa kwanza binadamu kuthibitishwa, mwaka 1928, alikuwa mwanamke wa eneo la Ziwa Viktoria. Tumeishi nao zaidi ya karne moja, ilhali kinga yake inajulikana.

Nina dada aliyeolewa Kendu Bay, mji wa kaunti ya Homa Bay wenye Waislamu wa miaka mingi, na biashara ya nguo imenifikisha Migori mara si haba. Kwa hivyo maisha ya mbwa wa kule nimeyaona kwa macho. Mbwa wa huko si pambo. Fisi bado wanaingia vijijini usiku na kuchukua mbuzi na kondoo, na wezi wa ng'ombe hawajaisha. Hofu hiyo ni ya kale. Ukifika Thimlich Ohinga, kaunti ya Migori, utaona kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, zilizojengwa karne nyingi zilizopita kuwalinda watu na mifugo yao. UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Leo wengi hawana kuta kama zile. Wana ua wa miti, na wana guok, kama Wajaluo wanavyomwita mbwa.

Mwaka jana, likizo ya Agosti, mpwa wangu wa miaka minane alikuwa akicheza na mbwa wa jirani. Akamvuta mkia wakati mnyama yuko kwenye chakula, naye akamuuma mkononi. Dada yangu akamwosha kwa sabuni na maji yanayotiririka robo saa nzima, kama inavyotakiwa. Dispensari ya kwanza tuliyofika haikuwa na chanjo. Tukapanda pikipiki hadi ya pili, ambako alidungwa sindano ya kwanza siku ile ile.

Jioni tulikwenda kwa mwenye mbwa, mzee mmoja wa makamo. Hakukana wala hakukasirika.

"Shemeji, mbwa ni wangu," akaniambia. "Simba hajachanjwa, sitakudanganya. Lakini hatoki hapa. Nitamfunga, na kila asubuhi nitakuja kukwambia kama amekula."

Akafanya hivyo siku kumi. Hizo ndizo siku ambazo wataalamu wanataka mbwa au paka aliyemuuma mtu awekwe chini ya uangalizi, kwa sababu akiwa na virusi kwenye mate siku ya kuuma, kwa kawaida ataugua na kufa ndani ya muda huo. Simba alibaki mzima. Mtoto hakukatiziwa sindano hata hivyo, maana matibabu hayasubiri majibu ya mbwa, lakini nyumba ilipata usingizi.

Sasa hamisha kisa hicho ukilete Mombasa. Mtoto anatoka madrasa jioni, anaumwa na mbwa koko kwenye jaa la taka, na mbwa anatokomea kichochoroni. Utamfunga nani? Utamwuliza nani kama alichanjwa? Nani atakuja asubuhi kukwambia amekula?

Hicho ndicho kitu walicho nacho wenzetu. Sisemi kwamba Homa Bay na Migori wameshinda ugonjwa huu. Simba mwenyewe hakuwa amechanjwa, na mbwa wengi wa vijijini wana wenyewe lakini wanarandaranda mchana kutwa. Ila mbwa mwenye mwenyewe anaweza kuchanjwa. Tangazo likitolewa kanisani, sokoni au kwa chifu kwamba Jumamosi kuna chanjo, mtoto atamfunga kamba mbwa wao na kumpeleka. Mbwa asiye na mwenyewe hana wa kumpeleka popote.

Kwetu mbwa hawa wapo, na chakula chao tunakitupa sisi wenyewe: mabaki ya buchani, vichwa vya samaki, taka zisizozolewa. Hatuwafugi, lakini tunawalisha. Kisha tunasema si wetu.

Najua wapo watakaonijia na dini, na swali lao ni la haki. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu Pwani tunayafuata, mbwa ni najisi nzito, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Hilo silibishi. Lakini najisi ni hukumu ya tohara. Haikutupa ruhusa ya kumtesa mnyama wala ya kumwacha awe hatari kwa watu. Qur'ani yenyewe, katika Suratul Maida, imehalalisha anachokamata mbwa wa kuwinda aliyefunzwa, na katika Suratul Kahf ametajwa mbwa aliyekuwa pamoja na vijana wa pangoni. Hadithi zimeruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Mzee wa Kendu Bay mwenye mbuzi na fisi mlangoni, awe Mwislamu au Mkristo, yumo ndani ya ruhusa hiyo. Na sote tulisomeshwa chuoni habari za mtu aliyeteremka kisimani kumtekea maji mbwa mwenye kiu, Mwenyezi Mungu akamsamehe.

Anayetaka ushahidi wa karibu zaidi aangalie Pemba. Kisiwa kile karibu watu wake wote ni Waislamu, na mila zao kuhusu mbwa ni kama zetu. Kuanzia 2010 waliendesha kampeni za chanjo ya mbwa kila mwaka, kisiwa kizima. Baada ya kampeni nne, kufikia Mei 2014, maambukizi yalikuwa yamekatika. Ugonjwa ukarudi mwishoni mwa 2016 kwa virusi vilivyoingia kutoka nje. Wakachanja tena, na kufikia Oktoba 2018 ukakatika mara ya pili. Ndugu zetu wa Pemba hawakugeuka wapenda mbwa. Walichanja mbwa ili wazike watu wachache. Na kurudi kwa ugonjwa kunatufunza jambo jingine: chanjo ya mwaka mmoja kwa ajili ya picha haisaidii.

Kuna na paka. Huyu ndiye kipenzi chetu, analala msikitini, anakula na watoto, na hakuna anayemwogopa. Lakini paka naye anapata kichaa cha mbwa akiumwa na mnyama mgonjwa, na anaweza kumwambukiza binadamu kwa meno na kucha. Punda wa Lamu pia anaweza kuugua. Mpenzi wa paka anayemnunulia omena kila siku na hajawahi kumpeleka kwa daktari wa mifugo, hana cha kumcheka mzee wa Kendu Bay.

Tugeukie serikali. Wengi hawajui kwamba mbwa wametajwa ndani ya Katiba ya 2010. Jedwali la Nne linawapa kaunti kazi ya udhibiti na ustawi wa wanyama, ikiwemo kutoa leseni za mbwa. Huduma za mifugo pia ziko chini ya kaunti. Maana yake ni kwamba ukitaka kuuliza kwa nini mbwa wa mtaa wako hawakuchanjwa, swali halipelekwi Nairobi. Lipeleke Homa Bay kwa Gavana Gladys Wanga, Migori kwa Gavana Ochillo Ayacko, na hapa kwetu kwa magavana wetu wa Pwani, wote kwa kipimo kimoja. Uchaguzi wa 2027 uko njiani. Watakuja kwenye baraza zetu na ahadi za barabara na bandari. Waulizwe: bajeti ya chanjo ya mbwa ni shilingi ngapi, na dispensari zipi zina chanjo ya binadamu leo?

Hesabu yenyewe si ngumu. Wataalamu wanasema ukichanja mbwa 7 katika kila 10, mwaka baada ya mwaka, virusi vinakosa pa kupita. Chanjo ya mbwa mmoja ni rahisi mno ukiilinganisha na dozi za mtu mmoja aliyeumwa, pamoja na nauli zake za kurudi hospitali tena na tena. Mvuvi au kibarua anayeambiwa arudi mara kadhaa, na kila safari ni siku ya kazi iliyopotea, mwishowe huacha katikati. Hapo ndipo vifo vinapotokea.

Wako wanaosema dawa ni risasi au sumu. Njia hiyo imejaribiwa pengi na haijamaliza ugonjwa. Ukiua mbwa wa mtaa na jaa ukaliacha palepale, wengine watahamia kula chakula kile kile, na hao hawajachanjwa. Tena utakuwa umewaua hata wale waliokuwa na kinga. Sumu nayo haichagui. Itamla paka, kuku, na Mungu apishe mbali, mtoto.

Waswahili tuna msemo: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Kwa upande wangu mambo ni manne. Wenye mbwa na paka wawachanje kila mwaka, na wasiwaache watoto wakawachokoza wakila. Mitaa ya Pwani, kupitia nyumba kumi na kamati za misikiti, ikubaliane kuwahesabu mbwa wake wa mtaani na kuwaita maafisa wa mifugo waje kuwachanja, kisha ilisafishe jaa. Maimamu watumie khutba moja karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kueleza hukumu ya mbwa pamoja na hatari ya ugonjwa wake. Na kila mzazi ajue hili hata akisahau mengine yote: mtoto akiumwa au akiparurwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, usipake pilipili wala mafuta ya taa, na umpeleke kudungwa sindano siku hiyo hiyo.

Na yule mtoto wa Mji wa Kale anayetamani mbwa? Mzazi wake atamjibu anavyoona kulingana na dini na nyumba yake. Lakini mbwa tayari wako nje ya mlango huo, usiku wanabweka, na hadi leo hakuna mtu wa mtaa aliyejitokeza kusema, kama alivyosema mzee yule, "ni wangu."