Stima ya Ploti Ina Mwenyewe

Ndugu zangu wa Huruma, Eldoret, nawaheshimu, na kwa kuwa nawaheshimu nitawasema. Kuna ugonjwa umeingia katika ploti zetu, za mabati na za ghorofa, nao ni ugonjwa wa kuwasha stima kana kwamba haina mwenyewe. Mtu akiambiwa azime, jibu liko tayari mdomoni: "Si nimelipa? Stima iko ndani ya kodi." Akishasema hivyo huona kesi imekwisha. Mimi nasema ndipo inapoanza.

Sisi ni watu wa Mungu, wa kanisa na wa msikiti. Hakuna kati yetu anayehitaji kufundishwa kwamba kula cha jirani bila ridhaa yake ni wizi, hata kama jirani mwenyewe hakuona mkono ukiingia mfukoni. Basi tufanye hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Tuseme landilodi ameweka shilingi 300 za stima juu ya kodi ya kila chumba. Koili ya kupikia ya wati 1,000 ikiwaka saa moja imekula yuniti moja. Githeri ya mahindi na maharagwe makavu inataka saa tatu, hizo ni yuniti tatu kwa sufuria moja. Githeri leo, maharagwe kesho, kichwa cha mbuzi keshokutwa, na mwezi ukiisha umemaliza yuniti 90 jikoni peke yake, kabla hujawasha taa wala kupiga pasi. Mia tatu haifiki theluthi ya deni hilo. Inayobaki analipa nani? Analipa mjane wa chumba cha mwisho, mwenye balbu moja na redio, anayelala saa mbili usiku kwa sababu alfajiri ana safari ya sokoni kununua sukuma. Naye ametoa mia tatu ile ile. Mla cha mwenzie na chake huliwa, lakini mama huyu hajala cha mtu, na chake kimeliwa.

Na koili yenyewe, hebu tuitazame vizuri, maana wengi huiona kila siku bila kuiangalia. Ni sahani ya udongo yenye mifereji, na ndani ya mifereji umelazwa waya uliosokotwa. Waya ukikatika mwenye koili hanunui mwingine. Huzichukua ncha mbili, akazipinda pamoja kwa kisu, na pale penye fundo ndipo panapowaka pekundu kuliko kwingine. Plagi hana, basi huchomeka nyaya uchi kwenye soketi na kuzikaza kwa njiti za kiberiti. Asiye na soketi huvuta waya kutoka kwenye holda ya balbu, waya mwembamba uliotengenezwa kubeba taa, sasa unabeba githeri. Ukiushika una joto kama kikombe cha chai. Kamba hukatikia pabovu, na waya huungulia pabovu, na nyumba za mabati na mbao zimebanana.

Saa kumi na mbili u nusu jioni, koili nne zikiwaka pamoja, swichi kuu inaruka. Ploti nzima giza. Watoto wanapiga kelele. Keateka anatoka na tochi ya simu, anauliza, "Nani amewasha koili?" Kimya. Mlango huu hakuna, mlango ule hakuna. Watu wazima, wazee wa kanisa wengine, wamefunika sufuria na kusukuma koili chini ya kitanda ingali nyekundu. Mpaka mtoto asiyejua siasa za ploti anasema, "Ni sisi." Mtoto huyo nampongeza. Mama yake nampa pole, na pia nampa lawama: koili ya moto chini ya godoro!

Sasa nije kwenye jambo ambalo wengi wenu hamlijui, na asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Kenya Power haiuzi stima kwa bei moja. Kuanzia Aprili 2023, kwa mpango ulioidhinishwa na mamlaka ya kawi, EPRA, wateja wa nyumbani wamegawanywa mafungu matatu: wanaotumia mpaka yuniti 30 kwa mwezi, wanaopita 30 mpaka 100, na wanaozidi 100. Zamani kidogo, tangu 2018, fungu la wanyonge lilifika yuniti 100; likapunguzwa mpaka 30. Bei ya msingi ilipopangwa mwaka 2023 ilikuwa kama shilingi 12 kwa yuniti katika fungu la chini, kama 16 katika la kati, na karibu 21 katika la juu, kabla ya gharama ya mafuta, tofauti ya fedha za kigeni, ada za serikali na VAT ya asilimia 16. Na fungu lako huamuliwa kwa wastani wa matumizi ya miezi mitatu.

Angalieni basi neno hili: fungu hufuata mita, halifuati mtu. Ploti ya vyumba vinane yenye mita moja, kila chumba kikitumia yuniti 25 kwa adabu zote, mita inasoma 200. Kenya Power haimwoni mjane wala mwanafunzi. Inamwona mteja mmoja tajiri aliyekula yuniti 200, nayo inamtoza bei ya matajiri. Kwa bei hizo za 2023, kila mmoja wenu angekuwa na mita yake angelipa kama shilingi 300 za msingi kwa yuniti zake 25. Kwa mita ya pamoja zingekuwa zaidi ya 500. Hiyo ni hasara ya watu walio na adabu. Mtu mmoja wa koili akiingia hapo, hali inakuwaje? Samaki mmoja akioza, huoza wote.

Mtaniambia: Mwalimu, wewe unasema tu, tupike na nini? Makaa yamepanda, gesi ya kilo sita haijazwi kwa maneno, na Julai ya Eldoret haina huruma ingawa mtaa wetu una jina hilo. Haya nayakubali. Tumekaa zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, baridi ni yetu, na hata maji yetu huchemka yakifika nyuzi 93 hivi badala ya 100. Ndiyo maana maharagwe yanayoiva upesi Mombasa hapa yanakataa kuiva. Lakini kwa sababu hiyo hiyo mtu mwenye akili haanzi na maharagwe makavu saa kumi na mbili jioni. Aloweke tangu usiku wa jana, maji hayalipiwi tokeni. Akiweza, anunue sufuria ya presha, kwa maana mvuke uliofungwa hupandisha joto la maji na kutuondolea adhabu ya mlima. Asiyeweza, achemshe sufuria nusu saa, aifunike barabara, aitie katika kikapu kilichojazwa matambara na blanketi kuukuu, aende ibadani. Akirudi airudishe motoni kidogo, ichemke tena, tayari. Nyanya zetu walijua kuhifadhi joto. Sisi tuliosoma ndio tunaolinunua joto lile lile mara mbili.

Ile hita ya fimbo mnayotumbukiza ndani ya ndoo ya kuogea sitaisemea sana. Ndoo ya lita 20 ikichemshwa mpaka itokote hula karibu yuniti mbili, ilhali maji ya kuoga tu, ya vuguvugu la kupendeza, hayafikishi hata yuniti moja. Basi kuchemsha kama mnachinja kuku ni kwa nini? Na mtu asiingize kidole kupima joto kabla ya kuchomoa. Wameshazikwa watu kwa kidole.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ni wangapi Huruma wana daftari la stima? Mwenye mita yake ananunua tokeni ya shilingi 50 asubuhi, ya 50 jioni, ya 100 Jumamosi, halafu mwisho wa mwezi anaapa kwamba mita "inakimbia." Huenda inakimbia, sikatai. Lakini wewe uliandika wapi ilipoanzia? Ujumbe wa tokeni unapoingia, watu husoma tarakimu 20 tu, wakazibonyeza, wakaufuta. Humo ndani mmeandikiwa yuniti mlizopata na kila ada mliyokatwa. Someni! Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa tano kila usiku hula yuniti tisa kwa mwezi; ya LED ya wati 9 hula moja na robo na kidogo. Bandu bandu huisha gogo. Lakini hebu piteni ploti zetu saa sita mchana, jua la utosi, muone taa ya getini inavyowaka, nyeupe, haimulikii mtu wala mwizi. Ukiuliza, kila mmoja anasema si yangu. Ni kweli, si yako wewe peke yako, nanyi nyote mnailipia.

Wengine hujifariji kwamba stima ipo tele, bwawa la Turkwel lina megawati 106 na nyaya zake zinashuka hapo Lessos, jirani zetu kabisa. Kukaa karibu na kisima si kumiliki maji. Novemba 2024 Rais Ruto mwenyewe alisema hadharani kwamba sehemu fulani za nchi zinakatiwa stima kwa zamu kati ya saa kumi na moja jioni na saa nne usiku. Saa hizo ndizo zetu za koili, pasi, hita na televisheni kwa pamoja. Wale wanawali watano wapumbavu wa kwenye Injili taa walikuwa nazo. Mafuta ndiyo yaliyowaishia, tena saa mbaya kuliko zote. Basi kazi ya pasi ifanyeni Jumamosi mchana, nguo za wiki nzima kwa mkupuo mmoja, pasi ikishapata moto mara moja.

Nikitaja usiku nakumbuka jambo jingine, na mniwie radhi, siwezi kulimeza. Wufa! Vijana, kijumba cha futi kumi kwa kumi kinahitaji spika inayotikisa vikombe vya jirani kwa nini? Mabingwa wa ploti watanijibu kwamba wufa haili stima nyingi, na wana haki, koili moja hula kuliko wufa kadhaa. Stima yake basi nawasamehe. Usingizi siwasamehe. Yuko mtu anayetoka zamu ya usiku hospitalini, yuko mtoto wa shule, yuko mgonjwa. Na wachungaji wa makanisa ya mabati nao wasicheke, maana baadhi yao wameelekeza spika barabarani kana kwamba Mungu anakaa mtaa wa Maili Nne na hasikii vizuri. Nimemaliza hilo.

Nirudi kwa wenye ploti, ambao mpaka sasa walikuwa wanasoma kwa raha wakidhani nawatetea. Ninyi mna sehemu kubwa ya lawama. Mji wetu umepewa hadhi ya jiji tangu Agosti 2024, lakini mmejenga vyumba visivyo na dirisha la maana, mpangaji anawasha taa saa nne asubuhi apate kuona kisu chake. Mmeweka nyaya za taa mahali pa nyaya za soketi ili kupunguza gharama. Mmeweka mita moja kwa watu kumi, kisha mnawapigia kelele kama shangazi mwenye hasira. Mita ndogo ya chumba inauzwa mjini, na fundi wa stima mwenye leseni anaifunga. Hiyo itatuonyesha nani amekula nini, na mzozo wa kila jioni utakwisha. Lakini mita ndogo haimtoi mpangaji katika fungu la bei ya juu. Kwa hilo sharti muombe Kenya Power mita kamili kwa kila chumba. Ina gharama, najua. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Nanyi wapangaji, Januari mkiletewa habari kwamba kodi imeongezwa kwa sababu "stima imepanda," msigombane wala msilipe kimya kimya. Kaeni pamoja, hata yule wa koili mwiteni, mwende kwa landilodi kwa heshima, mwombe kuonyeshwa ujumbe wa tokeni za miezi mitatu iliyopita, na mumuulize mita za vyumba zinafungwa lini.