Anayeuliza Swali Si Kora



Kuna tabia imezoeleka makanisani mwetu, na hata katika mashirika yanayoongozwa na Wakristo. Kiongozi anasimama na kutangaza: idara mbili zimeunganishwa, mhazini ni mwingine, sadaka zote sasa ni kwa paybill mpya. Mtu akiuliza "kwa nini?", anafunguliwa Hesabu 16 na kuonywa kwamba ardhi itammeza kama Kora. Huo si upako. Ni uvivu wa kuongoza!

Kora alitaka ukuhani. Mama aliyehesabu sadaka miaka yote hii anataka tu kujua kesho afanye nini.

Fungua Matendo 6. Kanisa limekua, utaratibu wa chakula umebaki nyuma. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani wanasahauliwa, watu wananung'unika. Mitume hawakukemea roho ya manung'uniko. Waliita wanafunzi wote, wakataja tatizo wazi, wakasema wao watabaki na maombi na neno, wakaweka sifa za wanaotakiwa, halafu (sikiza hapa) wakawaachia watu wachague. Soma yale majina saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timona, Parmena, Nikolao. Yote ni ya Kiyunani. Inaelekea upande uliolia ndio uliokabidhiwa meza. Ni kanisa gani leo litampa mlalamishi funguo za stoo?

Linganisha na Rehoboamu, 1 Wafalme 12. Huyu "alishauriana". Aliomba siku tatu, akawauliza wazee, akawauliza vijana wenzake, kisha akaongeza mzigo. Makabila kumi yakaondoka. Bado hakuelewa: akamtuma Adoramu, msimamizi wa kazi za lazima, kwa watu walewale. Wakampiga mawe akafa. Viongozi wenzangu, mkutano unaoitishwa wakati barua zimeshachapishwa si mkutano, na watu wanajua.

Nitaambiwa Musa hakupigisha kura kabla ya kuvuka bahari. Kweli, jeshi la Farao lilikuwa nyuma yake. Wewe nani anakufukuza hata ushindwe kungoja wiki mbili?

Kwetu, ibada ya pili bado ni pendekezo. Jumamosi saa nane, baada ya mazoezi ya kwaya, tutaketi. Waimbaji na wahudumu wa mlangoni, ninyi ndio mtakaoongezewa kazi, kwa hiyo mtazungumza kwanza.