Laminesheni inaua bei ya noti na kadi

TANGU ipite Aprili 5, 2025, noti za zamani zilizosalia kwenye masanduku ya Lusewa si fedha tena. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa siku 90, kuanzia Januari 6 mwaka huo, ili wananchi wabadilishe noti za shilingi 20, 200, 500, 1,000, 2,000, 5,000 na 10,000 zilizotolewa kati ya mwaka 1985 na 2003, pamoja na noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010. Waliowahi waliwahi. Waliochelewa, ama kwa sababu ya mvua na barabara, ama kwa sababu noti zenyewe zilikuwa kwenye debe la marehemu ambalo halijafunguliwa, wamebaki na karatasi.

Karatasi hiyo, hata hivyo, ina soko lake. Ni soko la wakusanyaji, watu wanaotafuta noti, sarafu, stempu na kadi kwa ajili ya kuweka, si kwa ajili ya kutumia. Safu hii kwa kawaida hushughulika na ufuta, mbaazi na korosho, lakini mzigo ni mzigo, na mzigo unaoharibika ghalani ni hasara hata kama gonia lake linaingia mfukoni mwa shati. Mtazamo wetu ni kwamba hasara kubwa katika mali hii haisababishwi na mchwa wala panya. Inasababishwa na mwenye mali mwenyewe, siku anapoamua kuitunza.

Mashine ya laminesheni ipo karibu kila penye duka la steshenari. Tumeizoea kwa vyeti vya shule na vitambulisho, na sasa mtu akikuta noti ya zamani ya Mwalimu anaipeleka huko huko ikafunikwe, kwa bei ya soda. Mashine ile huyeyusha gundi kwa moto na kuishikiza plastiki kwenye karatasi pande zote mbili. Haitoki tena. Ukijaribu kuibandua, wino na ngozi ya karatasi vinaondoka nayo. Mkusanyaji akiona noti ya namna hiyo anaihesabu kuwa imeharibika, sawa na iliyochanika, na mara nyingi haulizi hata bei. Selotepu ni ndugu yake laminesheni: baada ya miaka michache gundi yake hugeuka kahawia na kuzama ndani ya karatasi. Na wale wanaoifua noti kwa sabuni kisha wakaipiga pasi ili ing'ae, waache. Mnunuzi mzoefu anaijua noti iliyofuliwa kwa kuigusa tu, kwa sababu imepoteza ule ukakamavu wake.

Sasa, kama si laminesheni, ni nini? Hapa ndipo wauzaji wengi nao hawajui wanachouza.

Mifuko angavu ya plastiki inafanana kwa macho lakini haifanani kwa tabia. Ile laini, inayonukia kama mpira mpya na kunata kidogo vidoleni, mara nyingi ni PVC iliyolainishwa kwa mafuta maalumu. Mafuta hayo hayakai. Kadiri joto linavyopanda yanatoka polepole, yanaifanya karatasi inate, yanafifisha wino, na sarafu za shaba zikiwekwa humo huota ukungu wa kijani. Kurasa nyingi za albamu za picha za bei rahisi zimetengenezwa kwa plastiki hiyo. Mifuko inayofaa ni ya polipropilini, polithini safi au poliesta, ambayo haina mafuta ya kulainishia na haiingiliani na karatasi.

Mnunuzi wa Lusewa hana maabara, lakini ana bakuli la maji. Kata kipande kidogo cha mfuko, kizamishe kwenye maji yenye tone la sabuni ili mapovu ya hewa yasikidanganye, kisha kiachie. Polipropilini na polithini ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo kipande kitaelea. PVC itazama. Poliesta nayo huzama, ingawa haina ubaya, na hapo unahitaji kipimo cha pili. Chukua waya wa shaba kutoka kwa fundi redio, ushike kwa koleo, uupashe moto mpaka uwe mwekundu, ugusishe kwenye kipande cha plastiki, kisha uurudishe motoni. Ndimi za moto zikigeuka kijani, plastiki hiyo ina klorini, nayo kwa kawaida ni PVC. Fanya kazi hiyo nje, upepo ukiwa mgongoni, maana moshi wake si wa kuvuta.

Kwa upande wa kadi, yaani kadi za wachezaji ambazo vijana wanazifuatilia kwenye simu, utaratibu uliozoeleka duniani ni wa hatua mbili. Kadi ya kawaida ina upana wa milimita 63.5 na urefu wa takriban milimita 89. Kwanza inaingia kwenye mfuko mwembamba wa polipropilini, ndipo mfuko huo unaingia kwenye kasha gumu. Kasha hilo gumu mara nyingi ni la PVC, lakini ni PVC kavu isiyolainishwa, na kwa kuwa kadi imevaa mfuko wake haigusani nalo. Anayeiingiza kadi tupu kwenye kasha gumu anaikwaruza uso na kuivunja kona, na kona ndiyo kitu cha kwanza mnunuzi anachokiangalia. Makasha yanayofungwa kwa skrubu yalipendwa sana zamani, ila yakikazwa kupita kiasi yanaibana kadi mpaka uso wake unageuka bapa. Ya sumaku ni bora zaidi, lakini bei yake nayo ni ya juu.

Na hapa lazima tuseme jambo ambalo wauza makasha hawalisemi: kasha haliongezi thamani, linazuia tu isipungue. Mfano mzuri ni wa nyumbani. Mwaka 2009 Mtanzania Hasheem Thabeet alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, na timu ya Memphis Grizzlies. Kadi zake zilichapishwa na kampuni ya Panini msimu wa 2009-10, kwenye karatasi ile ile na mashine zile zile zilizochapa kadi za Stephen Curry, aliyechaguliwa wa saba mwaka huo huo. Mwaka 2021 kadi moja ya Curry ya msimu ule, ya pekee ya aina yake, iliripotiwa kuuzwa kwa dola za Marekani milioni 5.9. Kadi za kawaida za Thabeet mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuzinunua. Zote mbili zikivishwa kasha la aina moja, tofauti ya bei inabaki pale pale, kwa sababu inatokana na uwanja na uhaba.

Kwa hiyo matumizi yalingane na mali. Noti ya shilingi 200 iliyochakaa, ambayo maelfu ya watu wanayo, inatosha mfuko mmoja wa polipropilini na bahasha ya khaki juu yake. Kuituma nje ya nchi kwa kampuni za kupima ubora na kufungia kwenye kasha la kudumu, kama PMG kwa noti au PSA kwa kadi, ni kutumia shilingi elfu nyingi kulinda shilingi mia chache. Lakini mtu mwenye noti ya rupia ya Mjerumani, zile zilizochapwa Dar es Salaam na Tabora wakati wa vita ya kwanza kwa karatasi yoyote iliyopatikana, au zile za mwaka 1917 zilizogongwa porini kwa mihuri ya mpira, huyo asione uchungu kununua mfuko wa poliesta ulio mgumu. Karatasi ile ni dhaifu na haina ya kuibadilisha. Huyo huyo asimwamini mtu yeyote anayempigia simu akidai noti yake ina mamilioni, mradi atume kwanza pesa ya "ukaguzi".

Hali ya hewa yetu ina utaratibu wake. Mvua za Ruvuma huanza Novemba na kukoma mnamo Aprili au Mei, na kwa miezi hiyo karatasi hunywa unyevu kama chumvi. Ukiifunga noti kwenye mfuko usiopitisha hewa mwezi Februari, umefungia unyevu ndani, na kuvu itakushukuru. Fanya kazi hiyo Julai au Agosti, karatasi ikiwa kavu. Tangu mifuko ya rambo ilipopigwa marufuku Juni 1, 2019, baadhi ya watu wanafunga nyaraka kwenye mifuko mbadala ya kitambaa. Ile inapitisha hewa na unyevu vilevile, haikuumbwa kwa kazi hiyo. Bora bati la biskuti lenye kifuniko kinachobana, lililowekwa juu ya rafu, mbali na ukuta wa tope na mbali na bati la paa linalochemka mchana. Vipakiti vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vina kazi humo. Mchele hauna, unaita wadudu. Naftalini nayo ibaki kwenye sanduku la nguo, kwa kuwa mvuke wake huweza kulainisha baadhi ya plastiki.

Kwa wafanyabiashara wetu wa steshenari, maoni ya safu hii ni kwamba kuna biashara hapa wanayoipita. Mifuko ya polipropilini huuzwa kwa pakiti, haiozi, haichukui nafasi, na mteja anayenunua kumi leo atarudi na cheti cha ardhi na picha za harusi. Kuendesha mashine ya laminesheni kunahitaji umeme, na mteja aliyeharibiwa noti harudi. Anayekwenda Songea kufuata mzigo, au anayeagiza Kariakoo, aulize mfuko umetengenezwa kwa plastiki gani kabla ya kuuliza bei. Muuzaji akisema "plastiki ni plastiki", aombe mfuko mmoja wa mfano na bakuli la maji.