Sare Huvuliwa, Sheria Hubaki

Katika nchi nyingi duniani si ajabu kumwona askari akistaafu na kuomba kura ya ubunge. Wapo wananchi wanaoshangilia, wakiamini kwamba mtu aliyeshika kirungu na pingu ndiye atakayejua kuwalinda. Wapo pia wanaoingiwa na hofu, wakidhani kwamba atapeleka amri za kambini mahali panapotakiwa hoja. Pande zote mbili hutazama sare. Ni wachache wanaouliza swali lililo zito zaidi: mtu huyu akishapewa kiti cha kutunga sheria, atayafanyia nini yale aliyoyaona kwa macho yake akiwa ndani ya chombo cha dola?

Swali hilo si la porojo. Laweza kujibiwa kwa kuyachunguza maisha ya kisiasa ya Eric Adams wa New York, nchini Marekani.

Adams alizaliwa Brooklyn mwaka 1960, mtoto wa wavuja jasho. Kwa maelezo yake mwenyewe, alipokuwa na umri wa miaka 15 yeye na ndugu yake walikamatwa na polisi na kupigwa vibaya kituoni. Mwaka 1984 aliingia katika kazi hiyo hiyo ya polisi, kwanza katika kikosi cha reli za jiji, akisema kwamba alikusudia kuirekebisha kutoka ndani. Mwaka 1995 alikuwa miongoni mwa askari weusi walioanzisha chama cha kupinga ukatili na ubaguzi wa polisi wenzao. Mtumishi yeyote wa umma anafahamu maana ya kuwakosoa wakubwa wako hali bado wao ndio wenye kuandika ripoti ya kazi yako. Hata hivyo alidumu miaka 22 na kufikia cheo cha kapteni. Alistaafu mwaka 2006, na mwaka huo huo akachaguliwa kuwa Seneta katika Bunge la jimbo la New York, linalokutana katika mji wa Albany.

Hapa hapana budi kueleza jambo moja. Polisi wa jiji la New York wako chini ya meya, wala si chini ya Albany. Lakini Bunge la jimbo lina uwezo wa kutunga sheria inayowabana polisi hao, apende meya asipende. Kwa hiyo kapteni wa jana, ambaye alipaswa kutii amri, alikuwa sasa na mkono katika kuandika sheria ambayo wakuu wake wa zamani wangelazimika kuitii.

Jambo lililowasumbua wanyonge wa jiji hilo wakati huo ni desturi ya polisi kuwasimamisha watu njiani na kuwapekua. Katika mwaka 2011 peke yake watu walisimamishwa zaidi ya mara 685,000. Wengi mno kati yao walikuwa weusi na watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, na katika kila watu 10 waliosimamishwa, karibu 9 hawakuonekana na kosa lolote. Juu ya fedheha hiyo, majina na anwani za watu hao wasio na hatia yalikuwa yakiwekwa katika kumbukumbu za kompyuta za polisi. Kijana aliyekuwa akirudi nyumbani kutoka shuleni aliweza kuandikwa katika daftari la dola kwa sababu tu alipita njia.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Adams alikuwa amekilalia kitanda hicho. Yeye katika Seneti, na Hakeem Jeffries katika Baraza la Wawakilishi la jimbo, walidhamini mswada wa kupiga marufuku kuhifadhi majina ya watu waliosimamishwa bila kushtakiwa. Gavana David Paterson aliutia saini mwezi Julai 2010. Mwaka 2013 Adams alitoa ushahidi mahakamani kwamba Mkuu wa Polisi wa jiji, Raymond Kelly, alimwambia kuwa shabaha ya upekuzi ule ilikuwa kuwatia hofu vijana weusi na Walatino; Kelly alikana kusema hivyo. Mwezi Agosti mwaka huo Jaji Shira Scheindlin aliamua kwamba jinsi upekuzi ulivyoendeshwa ilivunja Katiba. Wapo waliotabiri kwamba damu ingemwagika mitaani. Kinyume chake, mwaka 2014 idadi ya waliosimamishwa ilikuwa imeshuka chini ya 50,000, na mauaji yalikuwa 333, wakati mwaka 2011 yalikuwa 515.

Kama habari ingekoma hapo, tungesema kwamba sare ni shule njema ya ubunge. Lakini haikukoma hapo.

Adams aliingia katika umeya mwezi Januari 2022, akiwa ameahidi kupambana na uhalifu. Sasa polisi walikuwa chini yake. Baraza la Jiji lilipopitisha sheria ya kuwataka polisi waandike taarifa hata za mahojiano madogo wanayoyafanya na raia katika uchunguzi wao, Meya alitumia kura ya turufu kuikataa, akidai kwamba ingewapotezea askari muda kwa makaratasi. Tarehe 30 Januari 2024 Baraza liliipitisha tena kwa kura 42 dhidi ya 9, na turufu yake ikavunjika. Kati ya waliosimama mbele kuitetea alikuwamo Diwani Yusef Salaam, ambaye akiwa kijana alifungwa kwa kosa asilolitenda.

Watetezi wa Adams wana hoja isiyofaa kupuuzwa. Wanasema kwamba kazi ya meya si kazi ya seneta, na kwamba mwenye kubeba dhamana ya usalama wa jiji zima hana budi kuthamini kila saa ya askari wake. Hoja hiyo ni ya kweli kwa nusu. Nusu ya pili ni kwamba kiti kipya humpa mtu macho mapya, na maumivu ya zamani hufifia pale mwenye kuyakumbuka anapokuwa ndiye mwenye amri. Kovu la kijana wa miaka 15 halikutosha kumwongoza mzee wa miaka 63.

Mwisho wa madaraka yake ulikuwa wa huzuni. Mwezi Septemba 2024 alishtakiwa katika mahakama ya taifa kwa rushwa na michango haramu ya kampeni kutoka nje; alikana mashtaka yote. Wizara ya Sheria iliomba kesi iondolewe, na mwezi Aprili 2025 jaji aliifuta kabisa, pasipo kuamua kama alikuwa na hatia au hana. Mwezi Septemba 2025 alijitoa katika uchaguzi. Aliyemrithi tarehe 1 Januari 2026 ni Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, ambaye naye alitokea Bunge la Albany, bila kuwa askari hata siku moja.

Fundisho ni nini basi? Uzoefu wa askari, wa mwalimu au wa karani ni mali ya umma, lakini ni mali inayooza kama haikuhifadhiwa. Chombo cha kuihifadhi ni sheria. Seneta Adams aliandika alichokijua, na sheria ile ya mwaka 2010 haikuhitaji moyo wake uendelee kuwa ule ule ndipo imlinde kijana anayepita njia.

Kwa hiyo mgombea akija mbele yetu na historia ya utumishi wake, tusimuulize alivaa sare gani wala alikuwa na nyota ngapi begani. Tumuulize ni dhuluma gani aliiona akiwa ndani, na ni sheria gani ataiacha ili dhuluma hiyo isirudi hata siku atakapokuwa ameisahau.