Nyumba za wageni barabarani: Msafiri tumemwachia nani?

 

Ndugu Waislamu, katika likizo ya shule iliyopita tulialikwa kwenye nikahi huko Kwala, wilayani Kibaha. Siku ya pili yake tukawachukua mama watoto na mabinti zetu wawili kuelekea Dar es Salaam, kwani watoto walikuwa na hamu ya kuiona bahari. Ndugu yetu tuliyekusudia kufikia kwake anaishi katika vyumba viwili vya kupanga pamoja na watoto watano, na siku ile alikuwa amepokea mgonjwa kutoka kijijini. Hatukuona insafu kumwongezea mzigo. Hoteli za ufukweni nazo bei zake si za mwalimu wa madrasa. Basi baada ya Isha tukaingia katika nyumba moja ya wageni kandokando ya Barabara ya Morogoro.

Kijana wa mapokezi alituamkia kwa adabu, tukamwitikia. Kisha akafungua kitabu cha wageni na kuuliza bila ya kuinua macho: "Ya kulala au ya kupumzika?"

Wanaoijua lugha ya nyumba hizi wameshafahamu. Chumba cha kulala ni cha usiku kucha. Cha kupumzika ni cha saa mbili tatu, na waingiao humo aghalabu hawakuja kupumzika. Kabla hatujajibu, binti yetu mdogo akadakia: "Ya kupumzika, tumechoka sana." Kijana yule aliinua macho, akaiona hijabu ya mtoto, akainamisha kichwa. Nasi tukainamisha vyetu.

Chumba chenyewe hakikuwa na ila. Shuka zilikuwa safi, chandarua hakikuwa na tundu, ndoo ya maji ilikuwa imejaa. Lakini milango ya jirani ilifunguliwa na kufungwa usiku kucha, na mama watoto hakulala. Aliketi kitandani hadi adhana ya Alfajiri. Tulipotafuta kibla, aliyetuonyesha ni mlinzi, ndugu Mkristo, ambaye alinyoosha mkono upande anaowaona madereva wakielekea wanaposwali. Mwenyezi Mungu amlipe kheri.

Wako watakaosema: kosa ni lenu, Muislamu hafikii gesti. Maneno haya hayana msingi. Katika Suratun-Nur, aya ya 29, Mwenyezi Mungu ameondoa uzito wa kuingia katika nyumba zisizo makazi ya mtu maalumu ikiwa humo mna manufaa yetu, na miongoni mwa wafasiri wapo waliozitaja hapo nyumba za njiani wanazofikia wasafiri. Naye Mtume (s.a.w.) ametufundisha, katika hadithi iliyopokewa na Muslim, kwamba msafiri atuapo usiku ajiepushe na kulala njiani, kwa kuwa hapo ni mapito ya wanyama na makimbilio ya wadudu wenye sumu. Mwenye kuamrishwa asilale njiani hana budi awe na pa kulala. Basi swali si kama nyumba za wageni zinafaa. Swali ni nani tuliyemwachia kazi ya kumlaza msafiri.

Wema waliotutangulia hawakuiacha kazi hii ikawa ya yeyote yule. Imam Tabari amepokea kwamba Khalifa Umar bin Abdul-Aziz, aliyetawala baina ya mwaka 717 na 720 Miladia, alimwandikia liwali wake wa Samarkand ajenge nyumba za wasafiri katika nchi yake: Muislamu apitaye akirimiwe mchana na usiku mmoja na mnyama wake atunzwe, na aliye mgonjwa azidishiwe muda. Hapa kwetu Pwani, mjini Bagamoyo, lingali lipo jengo la Karavanserai, walikofikia watu wa misafara ya karne ya 19 waliotoka bara. Hatusemi kwamba biashara yote ya zama zile ilikuwa ya kheri. Pembe na watumwa walipita njia hizo hizo. Tunasema tu kwamba watu wa pwani walijua tangu zamani kuwa njia ikifunguka, mlango wa mgeni nao hufunguka.

Na leo njia imefunguka Kwala. Tarehe 31 Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua bandari kavu pale pamoja na safari za mizigo za reli ya kisasa, na nchi jirani kama Burundi, Rwanda, Kongo na Zambia zikapewa maeneo ya kuhifadhia mizigo yao. Barabara ya zege itokayo Vigwaza inapitisha malori, na viwanda vinajengwa. Kijiji ambacho juzi kilikuwa kituo kidogo kimekuwa njia panda ya mataifa. Madereva, matingo, makuli na vijana watafutao kazi watalala wapi? Asiyejenga mwema atajenga mwingine, na nyumba zitakazotangulia ndizo zitakazoupa mji sura yake.

Hapa tunapaswa kukiri jambo. Usiku wa ile nikahi, tulipomaliza Isha katika msikiti mmoja wa njiani, kijana utingo alimwendea mtunza msikiti akaomba kujinyoosha barazani hadi asubuhi. Dereva wake alikuwa amelala ndani ya gari, na yeye hakuwa na pesa ya chumba. Akaambiwa msikiti unafungwa. Tulikuwepo, tukasikia, tukavaa viatu vyetu tukaenda kula pilau. Usiku uliofuata, tulipokuwa tumesimama na watoto wetu mbele ya yule kijana wa mapokezi, ndipo tulipomkumbuka. Sisi tulikuwa na pesa ya kununua mlango. Yeye hakuwa nayo, na mlango wa bure tuliufunga mbele yake.

Tunajua udhuru wa misikiti: mazulia huibwa, na vipaza sauti pia. Udhuru huo ni wa kweli. Lakini As-haabu Suffa, maskini na wageni wasiokuwa na kwao, walilala katika msikiti wa Mtume (s.a.w.) Madina. Kama tunachelea mali ya msikiti, basi tujenge chumba cha musafir pembeni, chenye mlango wake, kitabu chake cha wageni na mtu wa kukisimamia. Katika Suratut-Tawba, aya ya 60, msafiri aliyekatikiwa ametajwa miongoni mwa makundi manane yanayostahiki zaka. Ni misikiti mingapi inayomkumbuka pale zaka inapogawanywa?

Kwa Waislamu wenye nyumba za wageni tuna neno la kindugu. Msiseme, "Sisi tunakodisha chumba, wanayoyafanya humo ni yao." Suratul-Maida, aya ya 2, imetukataza kusaidiana katika dhambi, na anayekodisha kwa saa anajua anakodisha kwa ajili gani. Ondoeni bei ya kupumzika. Wekeni alama ya kibla darini na ndoo safi ya udhu. Familia zitakujieni, na madereva wenye heshima zao watakujieni, kwani wapo wengi wanaotafuta usingizi tu.

Na kwetu sisi wenye kusafiri na watoto: tuulize nyumba kabla ya giza, tena tumuulize imamu au muuza duka wa mahali pale. Tuandike majina yetu ya kweli katika kitabu. Tusome dua ya kushuka mahali aliyoipokea Bibi Khawla bint Hakim (r.a.). Tukiondoka tuache chumba kama tulivyokikuta, kwani taulo la mwenye nyumba si ngawira. Na tukifikia kwa ndugu, tukumbuke kuwa haki ya mgeni ni siku tatu, na haifai kukaa hadi kumtia mwenyeji uzito.

Asubuhi ile watoto waliiona bahari, wakafurahi. Njiani kurudi, binti mdogo akatuuliza: "Baba, kwa nini yule kaka alituangalia vile niliposema tumechoka?" Tulimjibu kwamba naye alikuwa amechoka. Jibu hilo halikututosheleza, na tunaamini halitamtosheleza naye atakapokuwa mkubwa. Jibu lililo bora ni nyumba ambayo mtoto wa Kiislamu anaweza kusema maneno yale mlangoni na asiwepo wa kuinamisha kichwa. Kwala bado ina nafasi ya nyumba kama hiyo. Tuanze na ule mlango tuliomfungia utingo.

Wabillahi tawfiq.