Karafuu Zetu na Homa ya Nguruwe



Tangu msimu ulipoanza yavuma maneno mashambani na vituoni kwamba mafuta ya karafuu yameonekana kuwa dawa ya maradhi ya nguruwe, na kwamba atakayewahi atatajirika. Wengine wamecheka, wengine wameguna, na wazee wawili watatu wamenijia ofisini kuniuliza kama fedha ya namna hiyo ni halali. Yafaa jambo hili lisemwe wazi kabla ya mkutano mkuu, kwa sababu limekwisha kutufikia kwa maandishi.

Barua yenyewe ni ya mfanyabiashara mmoja ambaye sitamtaja. Yeye hataki karafuu zetu, maana ajua kuwa karafuu kavu mnunuzi wake ni Shirika la Biashara. Anachotaka ni jina la chama. Ataka tumpe cheti chenye muhuri kwamba wakulima wa kisiwa hiki wamehakikisha kuwa mafuta ya karafuu huponya homa ya nguruwe, akibandike kwenye chupa zake, naye atatia fedha katika mfuko wetu kila mwaka. Hali ya mfuko nyote mwaijua. Miche ya msimu ujao haijalipiwa. Basi si ajabu kwamba wapo wasemao: nguruwe si wetu, wala tuwalao si sisi, tutie muhuri tupate miche. Mimi siafikiani nao.

Kwanza tuyajue maradhi yenyewe. Homa ya nguruwe ya Afrika aliiandika daktari wa mifugo Montgomery mwaka 1921, kutokana na nguruwe waliokufa kwa wingi katika mashamba ya walowezi wa Kenya. Virusi vyake hukaa katika ngiri wa porini na katika papasi walio ndani ya mashimo yao. Ngiri hasikii kitu. Lakini nguruwe wa kufugwa akivipata hushikwa na homa kali, masikio hugeuka rangi ya zambarau, damu huvilia ndani, na aghalabu hufa katika siku chache, pengine zizi zima. Mwaka 1957 maradhi haya yalifika Ureno, mwaka 2007 yalifika Georgia, na mwaka 2018 yaliingia China, nchi yenye nguruwe wengi kuliko zote. Binadamu hayamdhuru. Chanjo wanayo Vietnam, ambao mwaka 2023 waliruhusu itumike nchi nzima, walakini nchi nyingi hazijaikubali. Dawa ya kumponya nguruwe aliyekwisha kuugua haipo.

Wala si habari za mbali tu. Mwaka 2010 na 2011 homa hii ilipita Kyela na Mbeya, ikaendelea sehemu nyingine za Bara. Watu wa huko hufuga nguruwe wawili watatu kama sisi tufugavyo mbuzi na kuku, na ndio ada ya skuli na nauli ya hospitali. Hao ndio watakaonunua ile chupa.

Sasa, je, uvumi huu umezuka hivi hivi? Hapana, una chembe ya kweli, na ndiyo maana ni hatari. Katika mafuta ya karafuu, zaidi ya sehemu saba katika kumi ni kitu kiitwacho eujenoli, ndicho kitiacho ganzi jino linapouma. Wataalamu wa nchi mbalimbali wamekuwa wakijaribu vitu vya mimea kama hivi juu ya virusi vya mifugo. Wahispania walionyesha mwaka 2011 kwamba resveratroli, ipatikanayo katika zabibu, ilizuia virusi vya homa hii visizaliane ndani ya seli zilizooteshwa kwenye vyombo. Mwaka 2021 Wapolandi walijaribu mimea mingi, na uliofaulu kuviua virusi hivyo ulikuwa mnanaa. Na eujenoli yetu nayo imo: Wachina walitangaza mwaka 2022 kwamba vitoto vya nguruwe vilivyolishwa eujenoli, kisha vikaambukizwa virusi vya kuhara, matumbo yao hayakuumia kama ya wenzao. Lakini huko ni kuhara, si homa tunayoizungumza. Ni maradhi mengine na virusi vingine kabisa.

Na kuviua virusi katika kichupa si kumponya mnyama. Hata sabuni huviua virusi vingi kichupani, wala hakuna amnyweshaye mgonjwa sabuni. Kitu kikali cha kutosha kukiharibu kirusi huweza vilevile kuiharibu seli ambamo kirusi kimejificha. Tena eujenoli ikiingia tumboni hufika kwenye ini, nalo ini huibadilisha upesi na kuitoa katika mkojo, hata ile ibakiayo katika damu si kiasi kile kilichokuwa kichupani. Ukisema basi uongeze kipimo, utaliumiza ini lenyewe. Watoto wadogo waliokunywa mafuta ya karafuu kwa bahati mbaya wamewahi kuugua sana. (Wazazi, chupa iwekwe juu.)

Lakini hofu yangu kubwa si kwamba dawa haitafaa kitu. Hofu yangu ni lile atakalofanya mwenye nguruwe akiiamini. Maradhi haya huzuiwa kwa njia moja: kutoa habari upesi, kumtenga au kumwua mgonjwa, kuuzika mzoga, na kutohamisha nyama wala makombo, maana virusi hukaa hai katika nyama kwa muda mrefu, na katika nyama iliyogandishwa kwa miezi na miezi. Mtu mwenye chupa ya dawa hatamwita bwana mifugo. Atamnywesha nguruwe wake leo, atangoja kesho, na kesho kutwa akiona hali mbaya atamchinja na kuuza nyama apate japo nusu ya fedha yake. Hapo kijiji cha pili kimekwisha ambukizwa, na kwenye chupa pana muhuri wetu.

Ama kuhusu halali na haramu ya karafuu kuingia katika chakula cha nguruwe, mimi si mufti, na atakaye hukumu aende kwa masheikh. Lakini lile la muhuri halihitaji kitabu kikubwa. Tangu chuoni tulifundishwa kwamba muuzaji ajuaye ila ya bidhaa yake sharti aidhihirishe, awe mnunuzi Mwislamu au asiwe. Na sisi ambao humlaani mtu anayechanganya makonyo katika karafuu zake, tutasema nini tukiuza maneno yaliyochanganywa uwongo?

Ipo biashara ya kweli, nayo ndiyo ningependa mkutano uizungumze. Umoja wa Ulaya ulikataza tangu tarehe 1 Januari 2006 kuwalisha mifugo antibiotiki kwa ajili ya kuwakuza tu, na China ikafuata mwaka 2020. Tangu hapo watengenezaji wa chakula cha mifugo wanatafuta mafuta ya mimea kama zaatari, mdalasini na karafuu ili kusaidia matumbo ya wanyama. Wanaotafuta ni wa kuku vilevile, kwa hiyo mwenye kuchukia nguruwe moyo wake utulie. Mnunuzi wa namna hiyo haulizi cheti cha kuponya. Auliza mafuta yana eujenoli kiasi gani, na kama shehena ya mwezi huu ni sawa na ya mwezi uliopita. Indonesia na Madagascar huuza mafuta ya majani kwa wingi, nasi hatuwezi kuwashinda kwa urahisi wa bei. Twaweza kuwashinda kwa usafi.

Kiwanda cha makonyo kiko Wawi. Karafuu kavu kilo 100 huwa na mafuta kilo 15 au zaidi, na makonyo, ambayo wengi wetu huyaacha yakaloa mvua chini ya mikarafuu, yana kilo 5 hivi. Naomba kila tawi lije mkutanoni na hesabu ya makonyo liliyoanika msimu huu, yaliyo makavu na yasiyo na mchanga, tujue tuna magunia mangapi ya kuanzia mazungumzo na Shirika.