Tunaiita dawa, tunaitia kwenye chupa ya soda, kisha tunamlaumu mtoto

“Daktari, huyu mtoto ni mtundu mno.” Ndilo neno la kwanza aliloniambia mama mmoja wa hapa Mafiga aliponiletea mwanawe wa miaka 2. Mtoto alikuwa amelowa jasho, mate yakimtoka bila kukoma, mboni za macho zimesinyaa. Alikuwa amekunywa funda moja la dawa ya kupulizia mchicha iliyokuwa kwenye chupa ya soda, nyuma ya mlango.

Tulianza kumtibu kwa dalili tulizoziona, huku baba akikimbia dukani kuuliza jina la dawa. Chupa haikuweza kutuambia. Yenyewe ilisema soda.

Mtoto alipona, lakini neno “mtundu” limenikaa kichwani. Yule mtoto hakufanya utundu wowote. Amezoea kuona chupa ile ikinywewa kwenye harusi, sikukuu na mgeni anapokuja. Aliielewa sawasawa. Tuliokosea ni sisi wakubwa.

Morogoro ni mji wa mboga. Kabichi na karoti hushuka kutoka Mgeta na miteremko ya Uluguru, na hapa mjini watu hulima mchicha na chainizi kando ya mito na nyuma ya nyumba. Mwenye matuta manne hahitaji lita nzima ya kiuatilifu, wala hana fedha ya kuinunua. Muuzaji humpimia kidogo kwenye chupa yoyote iliyopo. Naielewa hesabu hiyo, ila anayekuja kuilipa ni mtoto.

Kuna kosa la pili, nalo limo katika lugha yetu. Tunasema dawa ya mende, dawa ya panya, dawa ya mboga. Kisha mtoto akipata homa, tunamwambia, “Kunywa dawa upone.” Atajuaje tofauti? Nyumbani kwetu tuanze kuviita vitu hivi kwa jina lake: sumu.

Viuatilifu vingi vya wadudu, hasa vya kundi la oganofosfeti, huvuruga mawasiliano kati ya mishipa ya fahamu na misuli. Ndiyo maana mgonjwa hutokwa mate, machozi na jasho, hutapika, huharisha, kisha hushindwa kupumua. Wengine hupata degedege, na hapo ndipo familia nyingine hupoteza saa kadhaa zikihangaika na mganga. Mwili wa mtoto ni mdogo, hivyo funda moja linatosha kumdhuru vibaya.

Sumu nyingine ziko ndani ya nyumba. Mafuta ya taa ya kuwashia mkaa yakinywewa huingia kirahisi kwenye mapafu. Kostiki ya kutengenezea sabuni huunguza koo, na kovu lake laweza kumzuia mtoto kumeza chakula kwa miaka mingi. Jiki nayo isiachwe kwenye kikombe karibu na beseni la kufulia.

Ikitokea ajali, usimtapishe mtoto. Mafuta ya taa au kostiki vikirudi juu huleta madhara mara ya pili. Usimlazimishe kunywa maziwa, mafuta ya kula wala mayai mabichi. Sumu ikimmwagikia, mvue nguo na umwoshe kwa maji mengi na sabuni. Ikiingia machoni, yaoshe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20. Mkimbize kituo cha afya mara moja, na uibebe chupa au pakiti yenyewe.

Kwa wauzaji wa pembejeo nasema wazi: kukataa kumimina sumu kwenye chupa ya kinywaji ni kuokoa maisha. Lebo ya kiwandani ina jina la sumu, maelekezo ya huduma ya kwanza na mstari wa rangi, ambapo nyekundu ndiyo hatari zaidi. Ukimimina, hayo yote unayabakiza dukani. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, ishuke hadi kwenye maduka haya madogo, na ilete pakiti ndogo zilizofungwa kiwandani ambazo mkulima wa matuta manne anaweza kuzimudu.

Wakati tukisubiri, majirani wachache wanaweza kuchangiana chupa moja halisi, ikakaa kwa mmoja wao ndani ya sanduku lenye kufuli, na kila mmoja akaenda na bomba lake kupimiwa hapohapo.

Mzazi mwenzangu, leo jioni kabla ya kulala, tazama nyuma ya mlango, chini ya kitanda na pembeni ya jiko. Kila chupa ya soda au ya maji yenye kitu kisichonywewa, iondoe mtoto asipofika. Kesho ataamka kabla yako.